Watu 26 watia saini mmea wa Mama Majani ung'olewe

Mjinga wa siku hiyo alikuwa mwandishi wa makala haya, na afadhali aseme mwenyewe kabla hajasemwa.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi anaingia kwenye jengo la ofisi lenye ghorofa tisa, mkononi ameshika chupa ya jemu yenye maji na jani moja la kijani. Amelilea jani hilo miezi mitano dirishani kwake. Maji kayabadilisha kila Jumapili. Kalisogeza kwenye mwanga, kalirudisha kivulini. Mizizi imetoka mirefu, myeupe, ya kupendeza. Chipukizi hakuna.

Mwanamke aliyepiga magoti chini ya ngazi kuu, kitambaa begani na ndoo ubavuni, anaipokea ile chupa, anaiinua usawa wa macho na kuizungusha mara moja.

"Hili ulilikata wapi?"

"Kwa jirani."

"Jirani alikuona?"

"Hapana."

"Basi umeiba vibaya," anasema. "Mwizi anayejua kazi anaondoka na kifundo. Wewe umeondoka na jani na kikonyo chake. Kifundo ni hapa, jani linapoungana na shina, na jicho la kuchipua liko hapo. Hili lako litakaa kijani hivi hivi, litaotesha mizizi mpaka ijae chupa, lakini chipukizi hulioni hata ukistaafu."

"Sasa nifanyeje, mama?"

"Endelea nalo kama pambo. Humu maofisini wako wengi wa namna hiyo. Wamejaa mizizi, hawachipui."

Anarudisha chupa na kuendelea kufuta vumbi kwenye majani ya mmea ulio mbele yake. Anafuta jani moja moja, juu na chini, kama mtu anayemnawisha mtoto uso.

Jengo zima linamwita Mama Majani. Jina lililo kwenye kitambulisho chake analikumbuka karani wa mishahara peke yake, tena mwisho wa mwezi. Ana miaka hamsini na sita. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akinywesha, kupangusa na kupogoa mimea ya jengo hili, ambayo leo imefika vyungu mia moja na arobaini na tatu. Anaijua idadi hiyo bila kuhesabu, kama mzazi anavyojua watoto wake wangapi wamelala.

Kwa siku anapandisha kama lita tisini za maji, ndoo kwa ndoo, kwa miguu. Lifti ni ya watu na makabrasha, ndoo hairuhusiwi. Magoti yake yana sauti, naye anayatania. "Nikipanda ghorofa ya tano yanaanza kuzungumza. Nikifika ya tisa yanagombana."

Mshahara ukiingia, nusu inakwenda kwenye kodi ya vyumba viwili, robo kwenye ada ya binti yake wa mwisho anayesomea ukunga. Robo iliyobaki ndiyo mwezi wenyewe. Mumewe ni fundi wa redio ambaye kazi yake ilizeeka kabla yeye hajazeeka. Tangu watu waanze kusikiliza kila kitu kwenye simu, anashinda barazani na bisibisi mfukoni, akisubiri mtu mwenye redio.

Mwandishi alikuja kuandika habari za kazi hiyo. Hakujua kwamba amekuja siku mbaya.

Ndani ya mfuko wa aproni yake Mama Majani ana barua iliyokunjwa mara nne. Ilimfikia Jumatatu, ina mhuri wa meneja wa jengo na mistari mitatu tu. Inasema mmea unaotambaa ukutani kwenye ngazi kuu, pamoja na mwingine wa aina hiyo popote ulipo katika jengo lote, uondolewe kabla ya saa kumi jioni siku ya Ijumaa. Leo ndiyo Ijumaa.

"Huu hapa," anasema, bila kunyoosha kidole. Hakuna haja.

Mmea unaanzia kwenye kopo la zamani la rangi, lita ishirini, pembeni ya kipandio cha kwanza. Shina nene kama kidole gumba limeshika ukuta kwa mizizi midogo, likapita juu ya ubao wa matangazo, likazunguka saa ya ukutani, likapanda mpaka ghorofa ya tatu. Chini majani yake ni kama kiganja, yana madoa ya njano. Juu kabisa jani moja ni pana kuliko sinia, nalo limejichana kingo.

Hadithi yake haikuanza kwa fahari. Mama Majani aliajiriwa hapa kufagia ngazi. Mwezi wake wa tatu, kampuni moja ya ghorofa ya nne ilihama na kuacha takataka zake koridoni. Katikati ya karatasi na viti vilivyovunjika aliona kamba ya kijani yenye majani matatu, mawili yakiwa yamelegea.

"Nilidhani ni gugu," anasema. "Nililichukua kwa sababu lilikuwa bado hai, na mimi mwaka ule nilikuwa sipendi kuona kitu kilicho hai kinapelekwa jalalani. Tulikuwa tumefukuzwa kwenye nyumba mara mbili. Nililiangalia nikasema, haya, wewe na mimi, tuone nani ataondoka kwanza."

Hakuondoka hata mmoja. Mwaka wa pili mkuu wa jengo wa wakati huo alimkuta akiufunga ukutani kwa uzi, akauliza nani amemruhusu. Alijibu kwamba hakuna, na kwamba akitaka ataufungua. Mkuu alitazama juu, akatazama chini, akasema kuanzia kesho aache ufagio ashike ndoo.

Mwandishi anamuuliza anauitaje. 

"Siuiti. Hauji ukiitwa. Mimi ndiye ninayeufuata."

Wengine hawana shida hiyo, wanauita watakavyo. Ghorofa ya nne kwa wahasibu ni mmea wa pesa, na kila mmoja ana chungu chake mezani akiamini kitamvutia riziki. Mlinzi wa lango anauita kamba. Shida ilianza wiki tatu zilizopita, pale Mzee wa Stoo alipoupiga picha kwa simu yake.

Mzee wa Stoo ndiye mtunza ghala wa jengo hili, mtu wa miaka thelathini na mbili kazini, anayejua kila balbu ilipo. Alitaka tu kujua ni mmea gani. Simu ikamletea orodha ya majina, na mojawapo likamsimamisha: mtambaa wa shetani. Alichapisha ukurasa ule, akaubandika kwenye ubao wa matangazo, chini ya mmea wenyewe, na karatasi ya saini pembeni yake. Ndani ya wiki moja saini zikafika ishirini na sita.

Saa moja na robo anaingia mtu wa kwanza wa ofisini, mrefu, viatu vina udongo mkavu. Ni mtafiti wa ghorofa ya sita, anayejulikana kama Daktari wa Mimea. Alikuwa shambani wiki mbili, hana habari. Anausoma ule ukurasa, anavua miwani, anaivaa tena.

"Mama Majani, nani kafanya hivi?"

"Soma saini, baba. Za ghorofa yako ziko tatu."

Daktari anaketi kwenye kipandio cha pili, na kwa robo saa hivi ngazi inageuka darasa. Anaeleza kwamba jina hilo lilitokana na ukaidi. Mmea huu ukiwekwa mahali penye giza unabaki kijani, ukisahauliwa maji hauna haraka ya kufa, ukikatwa unachipua. Watu wa lugha nyingine walioshindwa kuuua ndio waliosema huyu lazima ana shetani wake anayemlinda.

"Ni matusi ya mtu aliyeshindwa," anasema. "Ubaya wake mmoja ninaoujua ni utomvu. Ukitafunwa unawasha mdomo, kwa hiyo watoto na paka wasiule. Basi."

Kwao mmea huu hasa ni Moorea, kisiwa kidogo katika Bahari ya Pasifiki, mbali na kila mtu. Kutoka huko umebebwa ukaenea karibu dunia nzima ya joto, na kila ulikofika ulipewa uraia wa uongo. Wako wanaouita kwa jina la Sri Lanka, wako wanaouita kwa jina la visiwa vya Solomon. Kote huko ni mgeni.

Wataalamu nao hawakufanya vizuri zaidi. Walipouandika vitabuni mara ya kwanza, mwaka 1880, waliuweka ukoo wa Pothos, na wauzaji wengi wa maua wanauita hivyo mpaka leo. Baadaye wakauhamishia ukoo wa pili. Tatizo ni kwamba mmea hutambuliwa ukoo kwa ua lake, na huu ni nadra mno kuchanua. Miaka ya sitini ya karne iliyopita ulipopatikana mmoja wenye ua, ukahamishwa wa tatu, kisha ulipochunguzwa vizuri ukafika wa nne, Epipremnum, na huko ndiko ulipo.

"Sasa usipochanua hauzai mbegu," anasema Daktari. "Unasafiri kwa kukatwa tu. Mtu anampa mtu kipande, huyo naye anampa mwingine."

Mama Majani anakamua kitambaa. "Mmembadilishia mtu ukoo mara tatu bila kumuuliza, halafu mnashangaa hachanui."

Daktari anacheka, lakini anaposimama hacheki tena. Anauliza atafanya nini na ile barua.

"Nitaifuata," anasema Mama Majani. "Mimi ni mwajiriwa."

Saa mbili kamili, wakati ofisi zimejaa, anachukua mkasi na mfuko mkubwa. Haendi kwenye mmea wa ngazini. Anapanda mpaka ghorofa ya nne, anabisha, anaingia kwa wahasibu.

Mhasibu mkubwa, mtu mnene mwenye tai iliyolegezwa, anamwona na mkasi na kutabasamu. "Shikamoo mama. Leo kuna kupogoa?"

"Marahaba. Leo kuna kuondoa." Anaiweka barua mezani na kukiegemea chungu cha bwana huyo kwa mkono mmoja.

Mhasibu anasoma. "Lakini hii ni ya ule wa ngazini! Wangu mimi ni mmea wa pesa."

"Wako ni mtoto wa ule wa ngazini. Nilimkata mwenyewe."

"Haiwezekani. Haifanani hata kidogo! Ule una majani kama sinia, huu wangu kiganja tu."

"Na wewe ulipokuwa na miaka mitatu ulikuwa na kitambi hicho?"

Chumba kinalipuka kwa kicheko. Mama Majani anaeleza bila kupaza sauti: ukiwa chunguni mezani unabaki mdogo, ukipata ukuta wa kupanda unakuwa mkubwa. Damu ni moja. Kati ya vyungu mia moja arobaini na tatu vya jengo hili, sitini na kimoja ni watoto wa kopo lile la rangi. Wakati wote huo hakuna aliyejiuliza vilitoka wapi.

Vilitoka kwake. Mtu akirudi kutoka likizo ya uzazi, au akipandishwa cheo, au akirudi kutoka msibani, asubuhi anakuta mezani chupa ya maji yenye kipande cha shina kilichokatwa penye kifundo. Hakuna kadi, hakuna neno. Wengine walidhani ni ofisi inawakumbuka.

"Wewe nilikuwekea mwaka uliomzika mama yako," anamwambia mhasibu. "Miaka minane sasa. Saini yako ni ya ngapi?"

"Ya kumi na nne," anajibu, sauti imeshuka. "Nilitia kwa sababu wenzangu walikuwa wametia."

"Basi toa mkono hapo chunguni."

Mhasibu hatoi mkono. Amekikumbatia chungu kifuani, tai imeingia kwenye udongo. "Mama yangu, tusikilizane. Miaka minane huu haujanidhuru hata siku moja!"

"Na utajiri, umeshakuletea?"

"Labda utajiri umekosea meza!" anapiga kelele mwenzake wa dirishani, na kicheko kinaanza upya. Mhasibu mwenyewe anacheka, lakini chungu hakiachii.

Habari inashuka ngazi haraka kuliko lifti. Kufika saa mbili na nusu koridoni wamesimama watu wasiopungua thelathini, baadhi wameficha vyungu nyuma ya mgongo. Katibu muhtasi mmoja ameingiza wake kwenye droo. Meneja wa jengo, mwanamke mwembamba mwenye funguo nyingi, anafika akihema.

"Mama Majani, nilikuwa na maana ya ule wa ngazini tu."

"Barua imesema jengo lote, bosi."

"Niliandika hivyo ili... ili barua ionekane barua."

"Basi nimeipa heshima yake. Nimemaliza kuuliza hapa, sasa nakwenda stoo."

Anashuka. Meneja anamfuata, mwandishi anamfuata, nusu ya watu wa koridoni wanawafuata.

Stoo iko chini kabisa, mlango wa chuma na dirisha moja lenye nondo. Mzee wa Stoo amekaa nyuma ya kaunta, akiandika kwa mkono wa kushoto. Dirishani, ndani ya bilauri, kuna mmea wenye majani tisa, umefungwa kwa uzi safi kwenye nondo, hauna chembe ya vumbi.

"Karibu, mama. Umekuja kuniambia umeung'oa?"

"Nimekuja kuanza na huo wa dirishani kwako. Ni mtoto wake."

Mzee anageuka kutazama dirisha. "Huo nimeulea mimi," anasema polepole. "Nilipokuwa na mkono kwenye plasta, nilikuwa nakaa hapa naongea nao. Niliukuta hapo asubuhi moja. Sikujua ametoa nani."

Anaangalia watu waliojazana mlangoni, anasimama. Hana hasira, na maneno yake yanatoka kama ya mtu aliyeyafikiria kwa muda mrefu.

"Msinione mjinga. Ngazi ile nimepanda miaka thelathini na mbili sijateleza. Siku moja tu, miezi kumi na mitano iliyopita, nimeteleza, na ilikuwa pale pale, chini ya mmea. Mkono umevunjika. Mpaka leo boksi la karatasi silibebi kwa mkono wa kulia. Nikawa najiuliza, kwa nini pale? Nikauliza simu, simu ikaniambia jina lake. Ninyi mngewaza nini?"

Daktari wa Mimea, aliyeteremka na wengine, anafungua mdomo, lakini Mama Majani amemwekea kiganja. Ameuweka mkasi juu ya kaunta.

"Mzee wangu, ule mmea haukukuangusha," anasema. "Ni mimi."

Meneja anageuza kichwa.

"Siku ile nilijaza ndoo kupita kiasi. Magoti yalinisumbua, nilitaka kupunguza safari moja. Maji yalimwagika kwenye kipandio cha sita. Nikasema ngoja nikachukue tambara. Niliporudi nalo wewe ulikuwa umeshalala chini umeshika mkono. Nilikuinua, unakumbuka?"

"Nakumbuka. Ulilia."

"Nililia, halafu nikapangusa yale maji kabla mtu hajauliza. Mfagiaji wa ghorofa ya saba alikuwa ameachishwa kazi mwezi ule ule kwa kuvunja kioo. Binti yangu ndiyo kwanza ameanza chuo. Niliogopa, mzee wangu. Wiki iliyofuata nikakuwekea huo dirishani. Kusema nilishindwa, nikatuma majani."

Meneja anachezea funguo. Kampuni ya usafi iliyomwajiri Mama Majani haihitaji sababu kubwa hivyo kumwondoa mtu, na Mama Majani mwenyewe anajua hilo kuliko wote waliosimama pale. Alikuwa na siku nne za kuikata kamba ile na kunyamaza, na siri ingekwenda jalalani pamoja na majani.

Mzee wa Stoo anaketi. Anaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto.

"Miezi kumi na mitano," anasema, "mimi napita ngazi ya nyuma. Ile nyembamba, yenye giza. Ghorofa tisa na dumu la mafuta ya mashine, naukwepa mmea. Kumbe wa kumkwepa ni wewe, na kila siku nakuamkia!"

Mtu mmoja nyuma anaguna kicheko, anakimeza.

"Ungeniambia, mama."

"Ningekuambia."

"Ningekasirika."

"Najua."

"Ningekasirika siku mbili, ya tatu ningenyamaza. Sasa umenifanya nigombane na jani mwaka na zaidi." Anamgeukia meneja. "Bosi, aliyeanguka ni mimi. Huyu asiguswe kwa ajili ya mkono wangu. Na ile karatasi nitakwenda kuitoa mwenyewe."

Anaitoa kweli, kwa mkono wa kushoto, pini moja moja, watu wakimtazama. Saini namba kumi na nne inaomba ipewe kipande chake ikichane yenyewe.

Mambo hayaishi kwa vicheko tu. Saa tano meneja anamwita Mama Majani ofisini na kumpa barua nyingine, ya onyo, kwa kuficha ajali. Anamwambia hana namna nyingine, lazima iwe kwenye faili. Mama Majani anaisoma, anatia saini, anaikunja mara nne na kuitia kwenye aproni, pale ilipokuwa ile ya kwanza, ambayo sasa imefutwa kwa mistari miwili ya kalamu nyekundu.

"Hii ni yangu," anasema akitoka. "Ile ya kwanza ilikuwa ya mtu mwingine. Afadhali hii."

Mwandishi anamkuta mchana amekaa kwenye kipandio cha sita, miguu ameinyoosha. Anazungumza kwa sauti ya chini zaidi kuliko asubuhi. Anasema usiku wa Jumatatu mumewe alimuuliza kwa nini hali chakula, akamwambia yote. Fundi wa redio alimsikiliza mpaka mwisho, akasema yeye akifungua chombo cha watu na kukosea waya, huwa anawaambia, kwa sababu wasipoungua leo wataungua kesho. Ndipo alipojua atasema. Hakujua tu atasemea wapi.

Ana miaka minne mpaka astaafu. Mpango wake hauna makuu. Kwenye ukuta wa nyuma wa vyumba vyao viwili anataka kuanzisha kitalu kidogo cha vipande vya kuuzia watu wa maofisini, kila kimoja na kifundo chake, asije mtu akatunza jani bure. Na humu ndani anataka mmea ufike ghorofa ya tano kabla hajaondoka, kwa sababu hapo kuna dirisha kubwa na hajawahi kuona majani yake yatakuwaje yakipata mwanga kamili.

"Tena nipewe mtu wa kumfundisha mapema," anasema. "Sitaki nikabidhi ndoo siku ya mwisho kama mtu anayekabidhi funguo."

Saa tisa hivi meneja anarudi, nyuma yake fundi wa mabango na kibao cheupe kisichoandikwa. Amepata wazo. Mgogoro umetokana na jina, basi mmea uwekewe jina rasmi, lisomeke, watu wasiulize simu tena. Kibao kitakaa juu ya kopo. Imebaki tu kukubaliana kiandikwe nini.

Hapo ndipo amani ya asubuhi inapoingia mashakani.

"Epipremnum aureum," anasema Daktari wa Mimea, akimtajia fundi herufi moja moja. "Na chini yake, Moorea. Tuache ubabaishaji."

"Nani atasoma hilo?" anauliza mhasibu, ambaye ameteremka na chungu chake ili kithibitishwe undugu. "Andika Mmea wa Pesa. Wageni wataupenda. Hata kama haujaleta, si dhambi kutumaini."

"Mimi naomba tu lisiwe lile la kwenye simu," anasema Mzee wa Stoo. "Mkono haujapona vizuri."

"Lile ni jina lake pia, kihistoria," anasema Daktari.

"Kihistoria yako ipeleke ghorofa ya sita!"

"Mimi huuita kamba," anasema mlinzi wa lango, ambaye hakuna aliyemuuliza.

Wanabishana karibu nusu saa. Wanapendekeza kura, wanaikataa. Wanapendekeza majina yote manne yaandikwe, fundi wa mabango anasema kibao hakitoshi na yeye analipwa kwa herufi. Mwishowe meneja anainua mikono, anamgeukia mwanamke anayepangusa majani ya chini kana kwamba ubishi haumhusu.

"Mama Majani, wewe ndiye uliyeuokota. Sema basi. Tuandike nini?"

Hageuki. Anamalizia jani aliloshika.

"Andikeni, 'Msimwage chai humu,'" anasema. "Miaka kumi na tisa, sijaona mmea uliokufa kwa jina. Niliyoizika mimi yote ilikufa kwa chai."